Bolti Kukatika Vichwa: Tindikali, Si Kutu

Tangu masika malalamiko ya bolti za boti kukatika vichwa yamezidi, na karibu yote yameandikwa maneno yale yale: "bolti feki". Tunaomba wananchi wapunguze haraka ya kuhukumu. Nyingi ya bolti hizo zina alama ya 10.9 au 12.9 kichwani (viwango vya bolti ngumu), na chuma chake ni kizuri. Tatizo limeanzia kwenye banda la fundi.

Bolti yenye kutu hutumbukizwa kwenye maji ya betri mpaka ing'are. Kutu inaondoka, ni kweli. Lakini tindikali ikila chuma hutoa haidrojeni, ambayo atomu zake ni ndogo sana, na sehemu yake huzama ndani ya chuma badala ya kupanda na mapovu. Hujikusanya penye mkazo mkubwa: chini ya kichwa na kwenye hesi. Chuma laini huvumilia. Kigumu hupasuka ghafla, bila kuvutika kwanza, saa au siku kadhaa baada ya kukazwa. Mwingereza William Johnson alishayaeleza haya mwaka 1875, kwa hiyo si uzushi wa ofisi. Huko San Francisco mwaka 2013, bolti ndefu 32 kati ya 96 za daraja la Bay Bridge zilikatika siku chache baada ya kukazwa. Haidrojeni ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo, ingawa pale yalihusishwa maji yaliyotuama.

Viwanda vinavyopaka zinki kwa umeme huoka bolti ngumu papo hapo baada ya kupaka, nyuzijoto zipatazo 200, saa nne au zaidi, ili haidrojeni itoke. Wapo wanaodai kuanika juani kunatosha. Kuanika si kuoka, na tafadhali hoja hiyo isiletwe tena. Asiye na tanuri atumie brashi ya waya.

Mlalamikaji alete vipande vyote viwili, risiti na tarehe ya kukaza. Palipokatika pasifutwe, pasipigwe msasa, pasipakwe grisi. Pafungwe karatasi kavu. Hapo ndipo penye ushahidi: mara nyingi haidrojeni huacha chembechembe zinazometameta kama sukari. Fomu hujazwa nakala mbili. Bila nakala yako majibu hayatolewi. Kipande kilichochomewa tena hatukipokei. Tukikuta dalili za tindikali, lalamiko linafungwa na gharama za upimaji ni za mlalamikaji.

Walioko Pemba wapeleke vipande ofisi ya Chake Chake wenyewe. Wasimpe nahodha, vinafika vimelowa chumvi, na havipimiki.