Kaskazi, Kusi na Gesi Isiyofutika: Namna ya Kujua Hewa ya Dodoma Imetoka Wapi

Dodoma hupata upepo wa upande wa mashariki karibu mwaka mzima, lakini hewa inayoletwa na upepo huo si ile ile. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ukanda mvua, yaani mahali hewa ya kaskazini na ya kusini mwa dunia hukutana, huwa umeshuka hadi katikati na kusini mwa nchi, na hewa nyingi inayofika hapa imevuka Ikweta kutoka upande wa Arabia na India. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hushika zamu, ikileta hewa iliyozunguka juu ya Bahari ya Hindi ya kusini. Ukisimama Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, mchana huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa pua. Kipimajoto na kipimaunyevu navyo husaidia kidogo tu, kwa sababu joto na unyevu hubadilika kila hewa inapopita juu ya bahari, milima na nchi kavu. Inatakiwa alama ambayo haifutiki njiani.

Alama hiyo ipo, na imetoka viwandani. Salfa heksafloridi, au SF6, ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotumika hasa kuzuia cheche ndani ya swichi za umeme wa msongo mkubwa. Haiyeyuki kwenye mvua, haifyonzwi na mimea, wala haigusani kikemia na kitu chochote katika hewa tunayoivuta. Huvunjwa juu sana, zaidi ya kilomita 60 kutoka ardhini, na makadirio ya umri wake angani ni zaidi ya miaka 800. Kwa hiyo kila kilo inayovuja leo, vitukuu vya vitukuu vyetu wataikuta. Kwa tabianchi hilo ni jambo baya sana: kilo 1 ya SF6 hupasha joto dunia kwa miaka 100 sawa na zaidi ya tani 23 za kaboni dioksidi. Lakini kwa anayetaka kufuatilia mwendo wa hewa, uimara huo ndio unaofaa. Wingi wa SF6 ukipungua kati ya sehemu moja na nyingine, sababu ni moja tu: hewa imechanganyika na hewa nyingine yenye gesi hiyo kidogo.

Wazo hili lina zaidi ya nusu karne. Mwingereza James Lovelock, aliyebuni kitambuzi cha kunasa elektroni, kifaa kinachohisi gesi hata zikiwa chache mno, mwaka 1957, alipendekeza mwaka 1971 kwamba gesi za viwandani zenye florini zitumike kuonyesha mwendo wa hewa. Safari ya meli ya utafiti Shackleton ya mwaka 1971 na 1972, kutoka Uingereza hadi Antaktika, ilikuta gesi ya majokofu CFC-11 kila mahali ilipopima, nyingi zaidi kaskazini kuliko kusini.

Tofauti hiyo ya kaskazini na kusini ndiyo inayotuhusu Dodoma. Sehemu kubwa mno ya SF6 hutoka nchi za viwanda za kaskazini mwa Ikweta. Hewa huchukua mwaka mmoja na miezi kadhaa kuvuka na kuchanganyika upande wa pili, hivyo kusini siku zote huwa nyuma. Wastani wa dunia ulikuwa chini ya sehemu 4 katika trilioni katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2023 ulikuwa umepita 11, ukipanda kwa takribani 0.35 kila mwaka. Kati ya nusu ya kaskazini na nusu ya kusini kuna pengo la kama 0.3 hadi 0.4. Ili kuona udogo wake: tone moja la maji likichanganywa katika maboza 5,000 ya lita 10,000 kila moja, hiyo ni sehemu 1 katika trilioni. Tunachotafuta ni theluthi ya tone hilo.

Hapa wengi hukosea hesabu. Tuseme hewa ya Januari, ya kaskazi, ina SF6 zaidi kwa 0.2 kuliko ya Julai, ya kusi. Lakini katika miezi sita hiyo dunia nzima imeongezeka kwa karibu 0.17. Vitu viwili hivyo hufutana, na mchoro wa vipimo kutoka Januari hadi Julai huonekana bapa, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kisha kutoka Julai hadi Januari inayofuata vyote viwili husukuma upande mmoja, na mchoro hupanda kwa 0.37. Kwa hiyo umbo la kutegemea hapa ni ngazi. Asiyeondoa kwanza ongezeko la mwaka atasema pepo mbili hizi ni sawa, au atadhani mwishoni mwa mwaka kuna mtambo unaovuja jirani.

Sampuli huchukuliwa kwa chupa mbili za kioo za lita 2.5, kila moja ikiwa na vali mbili, zikiunganishwa moja nyuma ya nyingine. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu ya mlingoti wa mita 5. Muda mzuri ni kati ya saa nane na saa kumi mchana, upepo ukiwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Usiku na alfajiri ardhi ya Dodoma hupoa haraka, hewa baridi ikatulia chini kama maji kwenye beseni, na chochote kilichovuja mjini hubaki humo. Mchana jua hukoroga hewa hadi kilomita moja au mbili juu, na chupa hubeba hewa ya eneo pana. Kwa pampu ya lita 5 kwa dakika, pitisha hewa kwa dakika 10 kabla ya kufunga, ili chupa zote mbili zisafishwe mara 10.

Kisha jaza kwa shinikizo. Dodoma ipo mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo yake, yaani shinikizo la hewa, ni karibu hektopaskali 890, wakati pwani ni kama 1,013. Chupa iliyofungwa hapa bila kushindiliwa, ikasafirishwa Dar es Salaam na vali yake ina kasoro ndogo, itavuta hewa ya pwani ndani. Ijazwe hadi hektopaskali 1,200 au zaidi; ikivuja itatoa nje, na sampuli iliyobaki bado itakuwa ya Dodoma.

Mahali pa kupimia pawe wazi, upande ambao upepo unatoka kabla ya kufika mjini, na mbali na kituo chochote cha kupozea umeme. Mvujo mdogo wa swichi moja iliyo upande wa upepo unaweza kupandisha kipimo kupita pengo lote la kaskazini na kusini. Mipira ya kawaida isitumike kama bomba, kwani hufyonza gesi na kuitoa baadaye.

Tuondoe pia dhana moja. SF6 ni nzito mara tano kuliko hewa, na wapo wanaosema basi yote itatuama chini. Inapomwagika kwa wingi ndani ya mtaro wa nyaya au chumba kilichofungwa, kweli hutuama na kusukuma oksijeni nje. Fundi asishuke humo kabla ya kupima oksijeni. Lakini ikishatawanyika angani, msukosuko wa hewa huichanganya kama nyingine zote, chini na juu.

Maabara hutumia gesi kromatografu, mashine inayotenganisha gesi za sampuli, yenye kitambuzi cha kunasa elektroni, kinachopashwa zaidi ya nyuzi joto 300. Adui mkubwa ni nitrasi oksaidi, gesi inayotoka sana kwenye mashamba yaliyotiwa mbolea. Angani ni nyingi kuliko SF6 kwa karibu mara 30,000, na kitambuzi huiona pia. Nguzo ya kuchuja, yaani bomba la kromatografu ambamo gesi hutenganishwa, isipozitenganisha vizuri, kilele kidogo cha SF6 kwenye mchoro hukalia mkia wa nitrasi oksaidi na eneo lake husomwa vibaya. Adui wa pili ni kukatika kwa umeme. Kitambuzi kikipoa na oksijeni ikaingia, huhitaji siku kadhaa kutulia, kwa hiyo mtungi wa nitrojeni uachwe ukipitisha gesi hata umeme ukiwa umezimika. Sampuli ipimwe katikati ya vipimo viwili vya gesi rejea, yaani gesi ambayo kiasi chake cha SF6 kinajulikana: rejea, sampuli, rejea. Chupa mbili za jozi zikitofautiana kwa zaidi ya 0.1, zote zisihesabiwe.

SF6 peke yake haijibu kila swali. Hewa ya magharibi kutoka msitu wa Kongo, inayotuletea mvua nzuri mara kwa mara, inaweza kuwa na kiasi kinacholingana na hewa ya mchanganyiko wa kaskazi na kusi. Hapo pima pia kaboni monoksaidi, inayodumu angani kama miezi miwili tu na kuonyesha moshi wa mbuga na mashamba yaliyochomwa. Gesi ya maisha marefu inasema hewa ni ya nusu ipi ya dunia. Ya maisha mafupi inasema hivi karibuni imepita wapi.

Zamani watafiti walimwaga SF6 makusudi ili waifuate. Kwa madhara yake hilo halifai tena. Ulaya, tarehe 23 Oktoba 1994, ilitumia gesi nyingine ya jamii ya florini: kilo 340 zilitolewa kwa saa 12 huko Monterfil, Ufaransa, na kufuatiliwa katika vituo 168 vya nchi 17. Dodoma haihitaji kumwaga chochote. Jozi moja ya chupa kila wiki, mahali pale pale na saa ile ile, kwa miaka miwili, inatosha kuonyesha ngazi mbili kamili. Kwenye kila lebo andika tarehe, saa, mwelekeo na kasi ya upepo, kanieneo, na kama siku hiyo kulikuwa na moshi. Bila mwelekeo wa upepo, namba ya maabara haitaweza kufungwa na kaskazi wala kusi.