Uso Ukizidishiwa Urembo: Maswali Yanayoulizwa Tanga Kabla ya Msimu wa Harusi

Mfungo Mosi ndio mwezi wa harusi huku kwetu, na wiki chache kabla yake maswali ya ngozi hushindana na maswali ya homa. Haya ni yale yanayojirudia. Mengi ni kisa kilekile: uso umefanyiwa kitu, kitu kimeacha doa, na doa limetafutiwa kitu kingine.

Swali: Binti yangu anaolewa baada ya Idi. Somo yake anamsugua singo kila jioni, na saluni moja ya Ngamiani wamempangia skrabu, stimu na kubandua ngozi mara mbili kwa wiki. Si nyingi mno hizo?

Nyingi, mama. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha lenyewe kwa muda wa wiki nne hivi. Likikwanguliwa kila baada ya siku tatu, zinaondoka seli ambazo bado zina kazi ya kuzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie. Uso utang'aa siku ya kwanza kwa sababu umevimba kidogo, kisha utaanza kukauka, kuwasha na kuwaka ukiguswa na maji.

Ngozi nyeusi ina tabia moja ambayo watu wengi wa saluni hawaitilii maanani: kila inapochokozwa, hutengeneza rangi zaidi. Ikiunguzwa na asidi ya kubandulia, pale palipoungua panabaki baka jeusi ambalo huweza kukaa miezi mingi. Ongeza jua la Tanga, mji uliopo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na baka hilo linakolea. Kubandua ngozi si haramu. Dawa nyepesi kama asidi ya salisiliki huwasaidia watu weusi wenye chunusi, ila kwa mkono wa mtu aliyesomea, na ikishafanywa ngozi inaachwa ipumzike wiki kadhaa.

Singo mwacheni nayo, bora somo asisugue uso kwa nguvu na apunguze karafuu, maana karafuu huwasha usoni. Hayo ya saluni achague moja, naye alimalize wiki tatu kabla ya harusi, si juzi yake.

Swali: Nimepaka mkorogo miaka mingi. Nikiacha siku mbili uso unawaka, chunusi zinatoka na nawa mweusi kuliko mwanzo. Si ndiyo kusema ngozi yangu imeshauzoea, niendelee tu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Kuwaka huko kunatokana na steroidi zilizomo, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho. Mikorogo mingi huwa na clobetasol au betamethasone, dawa ambazo hospitali huandikiwa mtu mwenye pumu ya ngozi au ugonjwa mwingine unaohitaji nguvu hiyo. Clobetasol ni katika kundi la steroidi kali kabisa za kupaka. Maelekezo yake ni isizidi wiki mbili mfululizo, na usoni madaktari huikwepa. Wewe umeipaka miaka. Imebana mishipa ya damu na kunyamazisha kinga ya ngozi, kwa hiyo ukiiondoa ghafla mishipa inafunguka na kila kilichokuwa kimenyamazishwa kinaamka kwa pamoja. Ukirudia kupaka unatulia, na hapo ndipo mtu anapoamini mkorogo ni dawa. Huku nyuma ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota mashavuni, na michirizi haifutiki. Anayepaka karibu na macho anaweza kupata presha ya macho au mtoto wa jicho. Hata jeraha dogo linakuwa gumu kushonwa.

Cha pili ni haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kugeuka dhidi ya mtumiaji: mashavu na pembeni mwa macho panaingia weusi wa kibuluu, wenye vipele vidogo vigumu. Madaktari wa Afrika Kusini waliuandika ugonjwa huo mwaka 1975. Matibabu yake ni magumu, na mara nyingi weusi hauishi wote. Mwenye mabaka hayo akijitazama kwenye kioo anaona weusi, anaongeza mkorogo, na mkorogo ndio uliouleta.

Cha tatu, zebaki. Hii haiishii kwenye ngozi. Inapenya mwilini na kuumiza figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza wagonjwa watu wazima waliokuwa wakivuja protini kwenye mkojo na kuvimba mwili, na wengi wao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Mjamzito humpelekea mtoto tumboni, na taulo na mito ya nyumbani nayo huchafuka. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa 2013, unahusu pia vipodozi vya namna hii.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Marufuku haijamaliza makopo sokoni, hilo kila mtu analijua. Soma lebo utafute maneno hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury (zebaki) na calomel (aina ya zebaki). Mkorogo wa kuchanganyiwa dukani hauna lebo, na mimi kwangu hiyo peke yake inatosha kuukataa.

Kwa hiyo usiendelee, na usiache kibubusa bila mtu wa kukuangalia. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua, pengine kwa steroidi hafifu zaidi, na wiki za mwanzo zitakuwa mbaya. Jipange kwa hilo, usianze wiki ya harusi ya wifi yako.

Swali: Kinyozi wangu hapa Makorora hunifanyia skrabu kila nikinyoa. Kidevu na shingo vimejaa vipele vyeusi. Nibadilishe krimu?

Badilisha utaratibu kwanza. Nywele zetu zilizojikunja zikinyolewa hadi ndani, ncha hurudi na kujichoma kwenye ngozi. Skrabu juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa ni kuitia mchanga kidonda. Acha ndevu milimita moja hivi, mashine isiende kinyume na uoto wa nywele, skrabu iache kabisa kwa muda, na taulo njoo na lako. Vipele vya kisogoni vinavyokua na kuwa vigumu vionwe na daktari mapema.

Swali: Dada yangu yuko Dar, anataka kunilipia sindano za midomo na za paji la uso. Nitakwenda asubuhi na kurudi Tanga jioni. Zina hatari gani?

Ni sindano mbili tofauti, watu huzichanganya. Ya paji la uso ni Botox, sumu ya bakteria iliyopunguzwa makali sana, inayolegeza misuli. Marekani iliiidhinisha kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Nguvu yake hukaa miezi mitatu au minne. Ikisambaa kusikotakiwa, kope huning'inia kwa wiki kadhaa. Wanaoirudia haraka haraka, kabla ya ile ya kwanza kuisha, mwili wao unaweza kujenga kinga dhidi yake isifanye kazi tena. Na niseme ukweli, weusi wetu umeshatukinga na jua kiasi kwamba mikunjo hutuchelewea. Wengi wanaoniulizia Botox hawana cha kunyoosha.

Ya midomo ni fila, jeli ya kujazia. Hii inanitia hofu zaidi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, sehemu ya uso hukosa damu na kuoza. Ikifika kwenye mshipa wa jicho, retina haivumilii zaidi ya saa moja na nusu hivi, na upofu wake mara nyingi ni wa kudumu. Puani na katikati ya nyusi ndiko kwenye hatari kubwa. Jeli ikiwa ya asidi ya hayaluroni, kuna dawa ya kuiyeyusha, aina ya kimeng'enya, nayo lazima iwepo palepale. Muulize anayechoma kabla hujalala kitandani: unayo hiyo dawa? Akibabaika, ondoka. Na usipande basi la Tanga siku hiyohiyo. Maumivu makali, ngozi kupauka au kuwa na madoadoa, macho kufifia: hizo ni dalili za kurudi kwa daktari dakika hiyohiyo, nawe utakuwa umeshapita Chalinze.

Kuzidisha huja polepole. Mtu huambiwa jeli huisha kwa mwaka, kwa hiyo anaongeza kila mwaka, kumbe vipimo vya MRI vimeonyesha inaweza kubaki miaka. Inarundikana, inasogea, uso unapoteza umbo. Silikoni ya maji ndiyo usiiguse kamwe: haina cha kuiyeyusha, na uvimbe wake huweza kuibuka miaka baadaye.

Swali: Na nyusi za kuchanjwa, piko kwenye nyusi, dripu za kung'arisha?

Nyusi: sindano iwe mpya na ifunguliwe mbele yako, kwa sababu ya homa ya ini na VVU. Mwenye historia ya makovu yanayovimba asichanje kabisa. Piko ina rangi ya kemikali inayoweza kuvimbisha uso mpaka macho yakafunga, hata kwa mtu aliyeitumia miaka bila shida. Dripu za glutathaioni hazina ushahidi wa kutosha kwamba hung'arisha, na zinaingizwa moja kwa moja kwenye damu yako. Sitaongeza.

Swali: Mume wangu anasema sina doa lolote. Mimi naliona kila nikitazama kioo, na nimeshafanya kila kitu.

Kuna maradhi ya akili ambapo mtu huona kasoro ambayo wengine hawaioni, au wanaiona ndogo mno. Huwapata watu wapatao 2 katika kila 100, na ni wengi zaidi kati ya wanaotafuta huduma za urembo. Sindano na krimu hazimridhishi. Akimaliza hili anahamia lile. Tiba ya mazungumzo na baadhi ya dawa husaidia. Kama kioo kinakuchelewesha kazini, au unakwepa shughuli za watu, mweleze hilo daktari kabla ya kumwonyesha ngozi.

Swali: Nimeshaharibika na naona haya kwenda hospitali. Nianzie wapi?

Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikihitajika rufaa, hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wanaijua vizuri hali hii. Beba makopo yote, hata yasiyo na lebo, na usipake poda siku hiyo. Sema kama una mimba au unanyonyesha. Omba mkojo upimwe protini. Ni kipimo chepesi, na majibu hutoka kabla hujaondoka. Mpaka siku hiyo ifike, nawa kwa sabuni isiyo na manukato, paka mafuta mepesi, losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, na mtandio uushushe kidogo mbele ukitoka mchana.