Mvuke hupenda uso gani? Yasemwayo na yalivyo

Chukua mifuniko miwili ya sufuria, ya alumini. Mmoja usugue kwa majivu, uusuuze vizuri. Mwingine upake mafuta kidogo ya kupikia, uufute kwa kitambaa mpaka uone kama hayapo. Funika nayo maji yanayochemka, kisha funua baada ya dakika moja. Mfuniko wa majivu umelowa wote, maji yametandaa bila hata doa kavu. Ule wa mafuta umejaa matone, na ukiuinamisha yanakimbia.

"Uso unaolowa wote ndio unaopokea joto zaidi." Wengi husema hivyo, kwa hoja kwamba maji yameugusa kila mahali. Ni kinyume chake. Kilo moja ya mvuke wa nyuzijoto 100 ikigeuka maji huachia takriban kilojuli 2,257, na joto hilo lazima lipenye maji yaliyotangulia kabla ya kuifikia metali. Maji hupitisha joto vibaya; shaba huyazidi takriban mara 600. Kwa hiyo utando ule, hata uwe mwembamba namna gani, ni blanketi. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Nusselt aliupigia hesabu mwaka 1916. Mwaka 1930 Ernst Schmidt na wenzake, Wajerumani vilevile, wakaonyesha kwamba mvuke ukishuka kwa matone, joto hupita mara kadhaa zaidi. Vipimo vya maabara kwa mvuke safi huweza kufika mara 5 hadi 10.

Siri iko kwenye kuondoka. Tone likifikia milimita mbili tatu huteleza, na njiani huwazoa wadogo zake wote, likiacha nyuma mstari mtupu. Papo hapo matone machanga yanaanza kuota. Hayo machanga, mengine hata macho hayayaoni, ndiyo yanayopitisha sehemu kubwa ya joto.

"Basi uso ukikataa maji zaidi, ndivyo bora zaidi." Hapa hata wasomi wameteleza. Jani la gimbi hukataa maji kabisa: mwagia kikombe uone yanavyobiringika kama gololi. Lakini hayo ni maji yaliyotoka juu, yakafika yakiwa tone zima, yakakalia ncha za vijivimbe vyake na kuacha hewa chini. Mvuke hauji hivyo. Hupenya hadi ndani ya mianya na kuanza kugeuka maji kutoka chini kabisa, hewa inafukuzwa, na tone linang'ang'ania pale lilipozaliwa. Uso uliosifiwa kwa kukataa maji unageuka sifongo.

Kuna nyuso zilizochongwa kwa ustadi zaidi. Mwaka 2009 Jonathan Boreyko na Chuan-Hua Chen, Marekani, walionyesha matone madogo mno yakiungana mawili na kuruka yenyewe kutoka kwenye uso, bila kungoja uzito uyavute. Binafsi sichoki kulitazama jambo hilo. Ila mvuke ukiwa mwingi, mianya hufurika na mchezo unaisha.

"Paka dawa ya kukataa maji kwenye kondensa yoyote, utaona maajabu." Si yoyote, ingawa kila kondensa kazi yake ni kupoza mvuke uwe kimiminika. Hewa ikiwa nusu asilimia tu ya uzito ndani ya mvuke, inaweza kupunguza upitishaji wa joto kwa nusu, maana inajikusanya mbele ya uso na kuuzuia mvuke kufika; hapo dawa iliyopakwa kwenye uso haisaidii sana. Gesi ya friji nayo ikigeuka kimiminika hulowesha karibu kila kitu, hata kile ambacho maji yanakikimbia. Halafu dawa zenyewe huchakaa zikipigwa na mvuke miaka nenda rudi. Ndiyo maana mitambo mikubwa ya umeme bado hupigiwa hesabu kwa utando wa Nusselt.

"Kioo cha bafuni ukikipaka sabuni, mvuke haukigusi." Unakigusa vilevile. Maji yametandaa badala ya kuwa vitone vinavyotawanya mwanga, basi.

Na kiyoyozi cha nyumbani? Yale mapezi ya ndani, mabamba membamba ya metali yanayopitiwa na hewa, mara nyingi hupakwa dawa inayo*penda* maji, kwa makusudi. Kizuizi kikubwa cha joto pale ni upande wa hewa, na nafasi kati ya pezi na pezi ni milimita moja au mbili. Tone likisimama linaziba njia. Maji yakitandaa, hushuka taratibu hadi kwenye trei. Fundi akilisugua tabaka hilo kwa kemikali kali mpaka likatoka, usishangae feni ikianza kukurushia matone kitandani.