Ukimjibu mteja mmoja kwenye komenti umewajibu wote wanaosoma

Wenye biashara wengi wakija kwenye kitengo chetu cha elimu swali lao la kwanza huwa ni hilohilo, nifanyeje nipate wafuasi wengi mtandaoni. Ni nadra sana mtu kuuliza nifanyeje siku nikilalamikiwa mbele za watu. Kila mmoja anajiandaa kwa siku nzuri tu, ile mbaya inakuja kumkuta saa nne usiku kashika simu peke yake, kachoka, ana hasira, na vidole vimeshafika kwenye kibodi. Humu nitaongelea zaidi hiyo siku mbaya, maana habari za kupata wafuasi zinafundishwa kila kona.

Chukua komenti kama hii, kila ukurasa wa biashara uliokaa muda una ya kwake:

"Nimelipia tangu Jumatatu leo Ijumaa mzigo sijauona, nikituma meseji mnasoma hamjibu. Kuweni makini na hawa watu."

Na ukurasa unajibu:

"Dada hukulazimishwa kununua kwetu, wenzako wanasubiri bila kelele. Kama huna subira maduka yako mengi."

Ukikaa upande wa mwenye biashara unamuelewa kabisa. Pengine msafirishaji ndio kachelewesha, pengine huyo dada kashatuma meseji kibao za matusi inboksi ambazo sisi wengine hatuzioni. Lakini anayepita na kusoma hajui hayo yote, yeye anachoona ni kimoja tu, kwamba hapa ukitoa hela na mambo yakienda vibaya utaambiwa utafute duka lingine. Na huyo msomaji hakomenti, hapigi laiki, hakuulizi kitu, anafunga ukurasa na kuondoka na hela yake na wewe hutajua hata kama alipita. Mlalamikaji ni mmoja, wanaosoma jibu lako ni wengi, na wengi wao walikuja wakiwa wanafikiria kununua.

Sasa jibu lilelile lingeweza kuwa hivi:

"Pole sana dada. Mzigo wako ulitakiwa ufike Jumatano, umechelewa na hatukukutaarifu, hapo tumekosea sisi. Nimekuandikia inboksi sasa hivi, naomba namba ya oda, na kabla ya saa kumi jioni leo nitakuwa nimekupa jibu kamili. Ni mimi Asha, huduma kwa wateja."

Angalia kilichofanyika hapo. Pole imetangulia kabla ya maelezo. Kosa limetajwa kwa jina lake, hakuna ile "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza" ambayo kila mtu anajua ni ya kunakili na kubandika, wala hakuna "samahani kama umekwazika" ambayo ukiitazama vizuri inamrudishia mteja lawama. Mambo binafsi, yaani namba ya oda, anwani, malipo, yamehamia inboksi lakini watu wote wameona kwamba yamehamia na yana mtu anayeyashughulikia. Halafu kuna saa. Saa ni ya muhimu kuliko maneno yote matamu, ila ukishaitaja uifuate, maana saa kumi ikipita kimya hiyo komenti ya pili itakayokuja itakuwa kali mara mbili na hapo utakuwa huna cha kujitetea.

Wengi wakifika hapo wanaona wamemaliza, na mimi naona ndio wanaharibu. Mambo yakishatatuliwa huko inboksi rudi kwenye komenti uandike mstari mmoja, "Asante dada kwa kutuvumilia, mzigo umefika leo asubuhi." Usiporudi, atakayesoma miezi mitatu baadaye anakuta malalamiko na ahadi, basi, hajui iliishaje, na akili ya binadamu ikikosa mwisho wa habari inajitungia wa kwake na mara nyingi sio mzuri.

Na kama mteja anadanganya? Inatokea, tena sana tu, wapo hata wasiowahi kununua kwako. Jibu mara moja, kwa upole, ukweli mtupu: "Tumetafuta jina lako na namba uliyotutumia kwenye oda zetu hatujaiona, tafadhali tutumie risiti inboksi tuangalie tena." Basi, nyamaza. Akirudi na matusi usirudi naye. Anayesoma anajua kutofautisha, mtu mmoja anapiga kelele mwingine ameomba risiti, huhitaji kumsaidia msomaji kuamua.

Kitu ambacho usifanye hata ukiwa na haki asilimia mia ni kumwaga mambo ya mteja. Nimeona kurasa zinaposti skrinishoti za chati nzima, namba ya simu inaonekana, jina kamili, wengine wanaposti picha ya mteja na deni lake. Unaweza kuwa unamdai kweli. Ila siku hizi nchi nyingi zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na kumuanika mtu hivyo kunaweza kukugeuza wewe uliyekuwa unadai ukawa ndio mshtakiwa. Hata zile skrinishoti za sifa, "asanteni nimepokea mzigo mzuri sana", muombe mteja ruhusa kwanza na ufiche jina, namba na picha yake ya profaili. Ruhusa yenyewe ni meseji moja, itunze. Mtoto akiwepo kwenye picha omba ruhusa ya mzazi au usiitumie kabisa.

Ndani ya hilohilo kuna makundi ya WhatsApp. Mtu kanunua mara moja, kesho yake anajikuta kwenye kundi la matangazo na watu asiowajua ambao wote wanaiona namba yake. Hiyo namba alikupa umfikishie mzigo, hakukupa uigawe. Tumia chaneli, huko wafuasi hawaonani namba, au ile orodha ya matangazo, ambayo ujumbe wake unawafikia waliohifadhi namba yako tu, kwa hiyo angalau unajua unaongea na watu waliotaka kukusikia. Na WhatsApp Business ipo tangu 2018, ina sehemu ya kuweka saa za kazi na ujumbe wa kujijibu wenyewe ukiwa haupo, sijui kwanini watu hawaitumii. Mteja akijua unafungua saa mbili asubuhi hana sababu ya kukuona unaringa saa saba usiku.

Tuje kwenye kufuta. Futa matusi, futa ubaguzi, futa namba za simu ambazo watu wameziandika hadharani, na futa haraka sana wale matapeli wanaoingia kwenye komenti zako wanajifanya ni wewe, "tuma malipo kwenye namba hii mpya". Malalamiko ya kweli usifute. Mtu aliyefutiwa komenti harudi nyuma, anaposti kwake na skrinishoti ya ile uliyofuta, na sasa ana makosa mawili ya kukusemea. Ule ujanja wa kuficha komenti nao usikudanganye, kwenye Facebook ukiificha aliyeiandika na marafiki zake wanaendelea kuiona, kwa hiyo wewe unaona ukurasa umetulia kumbe kwao mazungumzo yanaendelea bila jibu lako.

Na sifa za kununua, hizi komenti za "bidhaa bora nimeipenda" kutoka akaunti zisizo na picha wala posti, watu wanazijua. Zamani ilikuwa ni aibu tu, sasa sehemu nyingine ni kesi. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, ina kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inayokataza kununua au kuuza maoni feki, inakataza pia kununua wafuasi feki kwa ajili ya biashara ukijua ni feki, na kumtisha mteja ili afute maoni mabaya. Uingereza nao maoni feki yamepigwa marufuku kisheria tangu Aprili 2025. Hata kama hauko huko, mitandao unayoitumia mingi ina makao yake Marekani na masharti yao wenyewe yanakataza haya mambo. Ndugu na wafanyakazi wako wakikusifia waseme wao ni nani. Ukimlipa mtu maarufu akutangazie iandikwe wazi ni tangazo, na iandikwe mwanzoni, sio kuzikwa chini ya hashtagi thelathini.

Bei inboksi. Najua kila mtu ana sababu zake, wengine wanaogopa washindani, wengine bei zinabadilika kutokana na saizi. Mimi maoni yangu ni kwamba kama bei ipo, iandike. Mteja analazimika kuomba, anasubiri, anajibiwa "habari mpenzi" na mtu asiyemjua, akija kupewa bei ameshachoka. Na hiyo "mpenzi" na "mrembo" kwa mtu hujawahi kumuona iacheni jamani, dada, kaka, ndugu mteja zinatosha kabisa.

Halafu kuna kudandia matukio. Hashtagi imechangamka, kila mtu anaiongelea, na wewe unaona nafasi ya kuingiza bidhaa yako humo. Februari 2011 watu wako barabarani Cairo wanaandamana na wengine wamekufa, kampuni ya mitindo ya Kenneth Cole ikaandika Twitter utani kwamba hiyo vurugu ni kwa sababu watu wamesikia toleo lao jipya limeingia. Wakafuta, wakaomba radhi, lakini mpaka leo mfano huo unafundishiwa. Septemba 2014 wanawake walikuwa wanatumia hashtagi #WhyIStayed kusimulia kwanini walikaa kwenye ndoa na mahusiano ya kupigwa, kampuni ya piza ya DiGiorno ikaingia na utani wa piza. Hao hawakuwa na ubaya moyoni, walisema hawakusoma hashtagi inahusu nini kabla ya kuposti. Kilichowasaidia kidogo ni kwamba walifuta haraka na wakakaa kuwajibu watu mmojammoja kuomba msamaha badala ya kutoa tamko moja baridi. Fungua hashtagi usome angalau posti kumi ndio uitumie, inachukua dakika mbili. Na kama una posti ulizopanga zijirushe zenyewe, siku kukiwa na msiba mkubwa au maafa kitu cha kwanza ni kwenda kuzisimamisha, maana mashine haijui watu wanalia, itarusha "Furahia ofa yetu ya wikiendi!" kwa saa ileile uliyoipangia.

Nimalizie na funguo, yaani nani anaingia kwenye akaunti. Biashara nyingi ndogo akaunti ilifunguliwa na kijana fulani anayejua simu, kwa imeili yake na namba yake, na siku akiondoka kwa ugomvi akaunti inaondoka naye. Makampuni makubwa nayo hayajapona. Januari 2013 HMV, maduka ya muziki ya Uingereza, walikuwa na hali mbaya kifedha wakaita wafanyakazi kuwaachisha kazi, mmoja wao bado alikuwa na akaunti rasmi mkononi akaanza kurusha Twitter moja kwa moja kutoka kwenye kikao kwamba wanafukuzwa wote, akaandika na kwamba amemsikia mkurugenzi wa masoko anauliza Twitter inafungwaje. Dunia nzima ikasoma. Unaweza kumlaumu mfanyakazi ukitaka, mimi swali langu ni kwanini mkurugenzi wa masoko alikuwa hajui akaunti ya kampuni inafungwaje.

Kuna na lile kosa la kuposti ya kwako kwenye akaunti ya kazi. Februari 2011 mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani aliandika habari za kunywa bia na marafiki, akidhani yuko kwenye akaunti yake kumbe ni ya shirika. Wao hawakupaniki, wakafuta, wakaandika kwa utani kwamba shirika halijalewa na funguo wamemnyang'anya. Watu wakacheka, na mashabiki wa ile bia iliyotajwa wakaanza kuhamasishana kuchangia shirika. Utani ulifaa kwa sababu hakuna aliyeumia, kama kosa lako limemuumiza mtu usijaribu kuchekesha.

Kwa hiyo wiki hii kaa chini ufanye haya. Akaunti zote ziwe kwenye imeili na namba ya biashara, sio ya mtu. Kwenye ukurasa wa Facebook usigawe paswedi, mpe kila mtu nafasi yake kwa akaunti yake mwenyewe, aondolewe siku hiyohiyo anapoondoka kazini, na wenye mamlaka ya juu wawe wawili ili mmoja akipoteza simu msikwame. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali, yaani paswedi peke yake isitoshe kuingia. Ile namba ya siri ya tarakimu sita ya kuthibitisha WhatsApp hakuna mtu yeyote wa kampuni atakayekupigia kuiomba, na zile meseji za "ukurasa wako utafutwa ndani ya saa 24 kwa kuvunja hakimiliki, bonyeza hapa" ni utapeli, usibonyeze, ingia kwenye programu yenyewe uangalie kama kuna taarifa. Kisha andika kwenye karatasi moja: nani anajibu komenti, ndani ya muda gani, malalamiko gani yanapelekwa kwa bosi kabla ya kujibiwa, na akaunti ikidukuliwa usiku tunampigia nani. Mfanyakazi mpya apewe hiyo karatasi kabla hajapewa simu ya ofisi.