API moja, wiki nyingi: kuchota data kwenye tovuti za Wikimedia bila kuzichanganya

Wikipedia ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya Kifaransa, Wikidata (hazina ya data ya pamoja) na Commons (hazina ya picha na faili nyingine) zote zinaendeshwa na programu moja, MediaWiki, na zote zina mlango unaofanana ambao programu hupitia kuomba data, yaani API: anwani ya tovuti, kisha `/w/api.php`. Ombi lililofanya kazi sw.wikipedia.org litafanya kazi fr.wikipedia.org kwa kubadilisha herufi mbili tu. Urahisi huo huwaponza wengi, maana hudhani data nazo ni moja. Kila wiki ina hifadhidata yake, na namba ya ukurasa (`pageid`) ya wiki moja haina maana yoyote kwenye nyingine. Ukihifadhi namba hizo bila jina la wiki zilikotoka, utaishia kuunganisha makala zisizohusiana kabisa.

Kinachounganisha makala za lugha mbalimbali ni namba ya Q ya Wikidata, yaani namba inayotambulisha mada. Tanzania ni Q924, uwe unasoma Kiswahili au Kijapani. Ukianzia kwenye makala ya Kiswahili, ombi ni hili:

`https://sw.wikipedia.org/w/api.php?action=query&prop=pageprops&ppprop=wikibase_item&titles=Tanzania&redirects=1&format=json&formatversion=2`

Usiiache `redirects=1`. Bila hiyo, jina linaloelekeza kwingine litakuletea ule ukurasa wa kuelekeza, ambao kwa kawaida hauna namba ya Q, nawe utadhani makala haijaunganishwa.

Ukishaipata namba, nenda www.wikidata.org na `action=wbgetentities&ids=Q924&props=sitelinks`. Jibu litataja wiki zenye ukurasa wa mada hiyo, kwa majina yao ya ndani: `swwiki`, `enwiki`, `commonswiki` na nyinginezo. Usikisie anwani kutokana na majina hayo: `commonswiki` iko commons.wikimedia.org, na `be_x_oldwiki` iko be-tarask.wikipedia.org. Omba `action=sitematrix` mara moja, hifadhi jedwali la majina na anwani, kisha lisome kila unapohitaji.

Sasa mipaka, na hapa ndipo data nyingi hupotea kimyakimya. Ombi moja hupokea majina 50, yakitenganishwa kwa `|`. Akaunti yenye haki za boti (programu inayofanya kazi yenyewe) hupewa 500. Lakini ukiomba viungo vya lugha kwa `prop=langlinks`, kiwango cha kawaida ni viungo 10, na `lllimit=max` hukupa 500. Hizo 500 ni za ombi zima, si za kila makala. Makala chache zenye lugha nyingi humaliza mgawo wote, na zilizobaki hurudi tupu kana kwamba hazina kiungo hata kimoja. Tazama sehemu ya `continue` katika jibu: chukua kila kilichomo jinsi kilivyo, kiongeze kwenye ombi lako la awali, tuma tena, na uyaunganishe majibu. `batchcomplete` ikitokea, ndipo fungu hilo limekamilika. Kabla ya hapo, usihukumu kuwa makala fulani haina viungo.

Usitegemee namba ya HTTP pekee. Makosa mengi huja na 200, namba ya mafanikio, na habari yenyewe imo ndani ya `error`. Kwa kazi kubwa, ongeza `maxlag=5`: seva zikichelewa kwa zaidi ya sekunde 5, ombi hukataliwa, nawe subiri kwa muda uliotajwa kwenye kichwa cha jibu cha `Retry-After`. Tuma maombi moja baada ya jingine, na katika `User-Agent`, kichwa cha ombi kinachomtambulisha anayeomba, andika jina la programu yako pamoja na njia ya kukupata. Seva hizi zinatumiwa na dunia nzima bila malipo. Kuziheshimu ni wajibu.

Picha zina mtego wake. Picha iliyohifadhiwa Commons, ukiiulizia kwenye Wikipedia ya Kiswahili, hurudi na alama ya `missing`, ingawa wasomaji wanaiona. Angalia kama kuna `known` pembeni yake, na kama `imagerepository` inasema `shared`. Programu inayofuta kila kilicho `missing` itaharibu orodha yako nzima.

Ukitaka kuandika badala ya kusoma, tokeni ya `csrf` (msimbo wa siri unaothibitisha kuwa ombi la kuhariri limetoka kwako) ni ya kila wiki peke yake. Ya Kiswahili ukiipeleka Commons utapata `badtoken`. Iombe kwenye wiki ileile unayoihariri, ukitunza vidakuzi vya kipindi hicho, kisha itume kwa POST. Tokeni huishia na `+\`; alama hiyo ya kujumlisha isiposimbwa kuwa `%2B`, hufika ikiwa nafasi tupu, na utapata `badtoken` ileile.