Baba upande huu wa meza, mwana upande ule

Kama una ndugu Minneapolis au Columbus, huenda amewahi kukupigia kwa Boss Revolution. Kampuni iliyo nyuma ya huduma hiyo ni IDT ya Newark, New Jersey, iliyoanzishwa na Howard Jonas mwaka 1990. Watu wetu kule wanaijua kwa dakika za bei nafuu. Sisi ambao mkate wetu ni kusoma mikataba ya makampuni tunaijua kwa jambo jingine: ni kampuni yenye uzazi.

Kuna kuuza kipande cha biashara, na kuna kukitenga. Ukiuza, mgeni anakuja na hela, anaondoka na mali. IDT imewahi kufanya hivyo, tena kwa faida nono: mwaka 2000 AT&T na wenzake walinunua sehemu ya hisa za Net2Phone, kampuni yake ya simu za intaneti, kwa zaidi ya dola bilioni 1. Ukitenga, hakuna mgeni wala hela. Kipande kinasajiliwa kuwa kampuni yake, na kila mwanahisa wa kampuni mama anagawiwa hisa za mtoto. Jumatatu una karatasi moja, Jumanne una mbili. Kwa njia hiyo zilizaliwa CTM Media mwaka 2009, Genie Energy 2011, Straight Path 2013, Zedge 2016 na Rafael Holdings 2018.

Hoja ya kutenga ni nzuri: soko linaiona kila biashara kwa thamani yake. Lakini mtoto akishahama, mwenye sauti anabaki yule yule, kwa sababu hisa zenye kura nyingi zimo mikononi mwa familia ya Jonas. Hapo ndipo inapoanza miamala ya wahusika wenye uhusiano, yaani biashara kati ya makampuni yenye bwana mmoja, ule ukurasa wa nyuma wa ripoti ya mwaka ambao wasomaji wengi huuruka.

Chukua jengo la 520 Broad Street, Newark, makao makuu ya IDT. Lilikuwa mali ya IDT. Mwaka 2018 likahamia Rafael Holdings, na IDT ikawa mpangaji katika nyumba iliyokuwa yake, mwenye nyumba akiwa kampuni ambayo mwenyekiti wake naye ni Howard Jonas. Rafael ililiuza mwaka 2022 kwa dola milioni 49.4. Hakuna dhambi hapo. Kodi ilitangazwa na mkataba uliandikwa. Ila mimi nikiona muamala wa namna hii najiuliza swali moja tu: nani aliyekaa upande wa pili wa meza na kusema "hapana, hiyo kodi ni kubwa"?

Kwenye jengo, swali hilo ni la udadisi. Kwenye Straight Path lilikuwa la mamia ya mamilioni.

Mwishoni mwa 2001 IDT iliokota mali za Winstar, kampuni ya simu iliyofilisika. Ndani yake zilikuwamo leseni za masafa ya gigahezi 28 na 39. Wakati ule masafa hayo yalionekana kama shamba la jangwani, maana mawimbi yake hayasafiri mbali na hata ukuta unayazuia. Mwaka 2013 leseni zikatengwa na kuingizwa Straight Path, na Mtendaji Mkuu akawa Davidi Jonas, mtoto wa Howard. Kisha ikaja habari ya 5G, na jangwa likageuka kiwanja cha Masaki.

Mwenye leseni ya masafa Marekani, kama ilivyo kwetu, haruhusiwi kuyakalia tu. Lazima aonyeshe kwamba ameyatumia, la sivyo ananyang'anywa. Novemba 2015 ikatoka ripoti isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba zamani za IDT mitambo ilifungwa juu ya mapaa ili tu karatasi za kuomba kuongezewa muda zipite. Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikachunguza. Januari 2017 yakafikiwa maridhiano: Straight Path ilipe dola milioni 15, irudishe leseni 196, iuze zilizobaki ndani ya mwaka mmoja au iongeze faini ya milioni 85, na ikiuza, asilimia 20 ya mapato iende serikalini.

AT&T ikafika kwanza kutaka kuinunua Straight Path, na dola 95.63 kwa hisa. Verizon, kampuni nyingine ya simu, ikapandisha dau, wakashindana hadi Mei 2017, Verizon ikashinda kwa dola 184 kwa hisa, jumla dola bilioni 3.1. Asilimia 20 ya hapo inapita milioni 600.

Sasa rudi kwenye mkataba wa utengano wa 2013. Ndani yake IDT iliahidi kumfidia mtoto kwa madhara yatokanayo na mambo ya kabla ya kutengana. Makosa ya leseni yalikuwa ya zamani hizo. Basi Straight Path ilikuwa na dai dhidi ya IDT, yaani kampuni ya mwana ilikuwa na deni la kumdai baba. Kamati ya wakurugenzi huru wa Straight Path ililiona. Ilifikiria kuliweka dai kwenye amana ya pembeni, kwa sababu Verizon ikishaimeza kampuni, dai nalo linamezwa, na wanahisa wa zamani hawana tena mlango wa kuingilia mahakamani. Howard Jonas, ambaye bila kura zake mauzo yasingepita, hakutaka amana. Kamati ikabanwa ikalegea. Dai likafutwa kwa dola milioni 10 kutoka IDT, na nyingine 6 zikalipia hakimiliki za uvumbuzi zilizorudi IDT. Weka milioni 10 pembeni ya ile 600 na ushee, uone.

Wanahisa wakamshtaki Howard katika mahakama ya jimbo la Delaware mwaka huo huo. Kesi ilikaa miaka sita. Oktoba 2023 Jaji Glasscock alitoa hukumu, na wengi niliowasimulia walidhani nimesoma vibaya. Alikuta kwamba Howard Jonas alivunja wajibu wake wa uaminifu: alitumia nguvu ya kura zake kuibana kamati ili kuiokoa IDT. Kisha akasema fidia ni ya jina tu, kwa sababu kitu kilichochukuliwa kwa njia mbaya kilikuwa hakina thamani ya maana.

Kwa nini hakina? Kwa sababu ya kifungu ambacho sisi wanasheria hukipitia tukipiga miayo, kile cha taarifa. Anayeahidi kufidia kwa kawaida hujiwekea haki ya kujulishwa mapema na kupewa nafasi ya kujitetea kabla mwenzake hajaenda kukubali faini ya watu. Straight Path ilisaini maridhiano na Tume bila kuijulisha IDT sawasawa na kuipa nafasi hiyo. Dai likaenda kwenye meza likiwa tayari linachechemea.

Wapo wanaosema jaji alimlinda tajiri. Sikubali. Fidia inafuata hasara. Ukiniibia tiketi ya bahati nasibu ambayo haikushinda, wewe ni mwizi na mimi sina cha kulipwa. Kinachonisumbua ni kitu kingine, nacho hakimo kwenye hukumu. Barua ya taarifa ni barua kali kwa asili yake: "Tunakujulisha kwamba tutakudai." Mtendaji wa kampuni huru angeituma ndani ya wiki. Wewe ungemwandikia mzee wako?