Kolajeni ya Ngozi Haitoki Koponi

Anayepika supu ya makongoro anaijua kolajeni hata kama jina hilo hajawahi kulisikia. Supu hiyo ikilala kwenye jokofu, asubuhi huikuta imeganda na kutikisika kama jeli, na akiipasha moto hurudi kuwa mchuzi unaonata midomoni. Kinachogandisha ni kolajeni, protini yenye nyuzi iliyotoka kwenye ngozi, kano na viungo vya mguu wa ng'ombe baada ya kuchemshwa kwa saa nyingi. Katika mwili wa binadamu, kolajeni ni karibu theluthi moja ya protini zote, na katika tabaka la ngozi lililo chini ya lile tunaloliona imesukwa kama ukili wa mkeka, ikilipa tabaka hilo unene na uimara wake.

Nyuzi hizo hutengenezwa na seli ziitwazo fibroblasti, ambazo hupunguza kasi ya kazi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Inakadiriwa kuwa tangu mtu akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, kolajeni ya ngozi hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa wanawake, ukomo wa hedhi huharakisha jambo hilo, kwa kuwa katika miaka mitano ya mwanzo hadi asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi inaweza kupotea. Hiyo ndiyo sababu mama wa miaka 52 anaweza kuona uso wake umebadilika ghafla, ilhali hajabadili chakula wala sabuni.

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi kliniki linahusu unga na vidonge vya kolajeni, ambavyo kopo lake moja huweza kumgharimu mtu bajeti ya mboga ya wiki kadhaa. Kolajeni inayomezwa haisafiri ikiwa nzima hadi shavuni. Tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na vipande vidogo, na mwili huvipeleka unakotaka wenyewe. Zipo tafiti zilizoonyesha ngozi kupata unyevu na mnyumbuko kidogo, lakini uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa mwaka 2025 ulibainisha kwamba manufaa hayo hayakuonekana katika tafiti ambazo hazikugharamiwa na watengenezaji. Krimu yenye kolajeni ina hoja dhaifu zaidi, kwani molekuli yake ni kubwa mno kupenya ngozi. Hulainisha juu juu kama mafuta mengine, na mafuta mengine ni ya bei nafuu.

Kile ambacho mwili unakihitaji kweli ili kusuka kolajeni ni protini ya kutosha, iwe ya dagaa, maharage au mayai, pamoja na vitamini C, ambayo bila yake nyuzi hazishikamani. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi bila matunda walitokwa damu kwenye fizi, na makovu yao ya zamani yakafumuka, kwa sababu hiyohiyo. Kwetu tatizo hili lina dawa rahisi: gramu 100 za mapera zina vitamini C takriban mara nne ya ile iliyomo kwenye chungwa la uzito huohuo. Anayepata tunda moja au mawili kila siku hana sababu ya kununua vidonge vya vitamini C.

Baada ya umri, kinachoila kolajeni kuliko vyote ni jua. Mionzi ya urujuanimno, hasa ile aina ya A, huzama hadi kwenye nyuzi zenyewe na kuamsha vimeng'enya vinavyozikata, nayo hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28, ambaye upande wa kushoto wa uso wake, ulioelekea dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito kuliko wa kulia. Kwetu, ambako usukani uko kulia, shavu la kuangalia ni la kulia.

Ni kweli kwamba melanini, rangi ya asili ya ngozi, inatusaidia: ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayokadiriwa kuwa sawa na SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), wakati ya ngozi nyeupe haifiki 4. Kinga hiyo haitoshi kwa mtu anayeshinda juani mwaka mzima karibu na ikweta, na haimhusu kabisa mwenye ualbino, ambaye kwake jua ni suala la saratani kabla ya kuwa suala la urembo. Katika utafiti wa Nambour, Australia, uliotolewa mwaka 2013, waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku kwa miaka minne na nusu walizeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka walipojisikia. Walikuwa zaidi watu weupe, kwa hiyo tusitarajie tofauti kubwa kiasi hicho kwetu, lakini njia ya uharibifu ni ileile. Kwa uso na shingo, jaza mistari miwili ya losheni kwenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kofia pana, mtandio na kivuli cha mwembe havihitaji kurudiwa.

Hata hivyo, katika kliniki zetu kuna mharibifu wa pili ambaye makala za urembo za ughaibuni hazimtaji, naye ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Wengi wanajua kuhusu haidrokwinoni na zebaki, ambazo haziruhusiwi katika vipodozi nchini Tanzania, ila wachache wanajua kwamba krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho) kama klobetasoli na betamethasoni. Steroidi huzizuia fibroblasti kutengeneza kolajeni. Miezi ya mwanzo uso hung'aa na chunusi hukauka, na mtumiaji huamini amepata tiba. Kisha ngozi huwa nyembamba hadi mishipa midogo ya damu inaonekana mashavuni, michirizi mipana hujitokeza mapajani na kwapani, na vifundo vya vidole hubaki vyeusi. Mama wa namna hiyo akihitaji upasuaji wa kujifungua, mshono unaweza kuchelewa kupona au kuachia. Inasikitisha kwamba mtu huyohuyo ndiye hurudi dukani kununua unga wa kolajeni.

Ipo dawa ya kupaka ambayo imethibitishwa kuchochea kolajeni mpya, nayo ni tretinoini, ya jamii ya vitamini A. Matokeo yake huonekana baada ya miezi, wiki za kwanza hukausha na kuwasha, kwenye ngozi nyeusi ikitumiwa vibaya huacha madoa, na mjamzito hapaswi kuitumia. Kwa hiyo ianzishwe na daktari, usiku, kwa kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima.

Anayetaka kuacha mkorogo asiuache ghafla kama ameutumia muda mrefu, kwa sababu uso unaweza kuvimba, kuwaka moto na kujaa vipele, na wengi hurudia krimu ileile siku ya tatu. Kwa waliopaka mwili mzima, hata homoni za mwili huweza kuwa zimevurugika, hivyo kupunguza kunahitaji ratiba ya daktari. Ukija kliniki, njoo na makopo yote unayotumia bila kuona haya, pamoja na lile ulilochanganyiwa saluni lisilo na lebo, maana hilo ndilo tutakalotaka kuliona kwanza.